Kabla hujafungua butiloda: nakala zinazorudi na zisizorudi

Kufungua butiloda, yaani programu ndogo inayoamsha simu na kuzuia mfumo mwengine usiingie, kunafuta simu nzima. Android imetengenezwa hivyo kwa makusudi, ili aliyekukwapulia simu sokoni Darajani asiweze kuitia mfumo mwengine akasoma picha zako. Ubaya wake ni kwamba nusu ya maelekezo ya kuweka nakala yanayozunguka kwenye magrupu yanaanza na "ingia TWRP" au "hakikisha simu ina ruti". Simu iliyo bado na mfumo wa kiwandani haina TWRP (rikavari, yaani menyu ya matengenezo inayowaka nje ya mfumo wa kawaida) wala ruti (mamlaka kamili juu ya mfumo). Ili uvipate lazima ufungue butiloda, na ukishaifungua hakuna tena kilichobaki cha kuwekea nakala.

Kwa hiyo jua kwanza uko safari ipi. Safari ya kwanza ni ya kutoka mfumo wa kiwandani kwenda LineageOS, /e/OS au romu nyengine (mfumo wa Android usio wa kiwandani). Ya pili ni ya kutoka romu moja kwenda nyengine, butiloda ikiwa imefunguliwa zamani. Ya kwanza ni ya jasho: kila aina ya data inanakiliwa kwa njia yake. Ya pili ina zana nzuri zaidi, ila nayo ina mitego yake.

Na kabla ya safari yoyote, hakikisha simu yenyewe inafunguka. Washa menyu ya wasanidi programu (gusa namba ya toleo mara 7 kwenye "Kuhusu simu") utazame swichi ya kufungua OEM (OEM unlocking), ndiyo inayoruhusu butiloda ifunguliwe. Baadhi ya simu za Pixel zinazouzwa mtumba ziliuzwa mwanzo na kampuni ya simu ya Verizon ya Marekani, na hizo swichi yake imekufa, haiwashiki. Muuzaji akikwambia "hiyo itafunguka tu", mwambie aifungue mbele yako. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Xiaomi inakutaka uunganishe akaunti kisha usubiri siku kadhaa, kwa simu nyengine saa 168, yaani wiki nzima. Samsung ukiitia mfumo usio wake, fyuzi ya Knox (alama ya usalama ya Samsung) inaungua na hairudi, hata ukirejesha mfumo wa kiwandani. Tecno na Infinix, ambazo ndizo zimejaa mikononi mwetu, tafuta kwanza kama kuna romu ya modeli yako khasa, si ya modeli inayofanana jina. Kama haipo, bakia ulipo.

Chukua kitochi kimoja, chaji, uweke laini yako humo kabla ya kuanza. Msimbo wa WhatsApp unakuja kwa meseji au kwa kupigiwa, na simu iliyo katikati ya kuflashiwa (kutiwa mfumo mpya) haipokei chochote. Laini za nano zinahitaji adapta ya plastiki ili zikae kwenye kitochi, itafute mapema. Fedha za simu haziko ndani ya simu yako wala ndani ya programu. M-Pesa kwa *150*00# inafanya kazi kwenye kitochi hicho hicho na kwenye romu yoyote ile. Kinachopotea ni meseji za miamala, na hizo ndizo ushahidi wako siku utakapotuma pesa kwa namba isiyo yake.

Sasa waya. Nyaya nyingi za bei ndogo ni za chaji tu, hazina njia za data. Washa utatuzi wa USB kwenye menyu ile ile ya wasanidi, chomeka kwenye kompyuta yenye adb (zana ya kuipa simu amri kwa waya), kisha andika kwenye dirisha la amri:

adb devices

Ikitoka namba na neno "device", uko sawa. Ikitoka "unauthorized", angalia kioo cha simu, kuna kidirisha kinasubiri ukubali. Isipotoka kitu, badilisha waya kabla ya kumlaumu Windows. Tundu la chaji la simu iliyokaa miaka miwili kwenye hewa ya chumvi nalo lina lake: zima simu, lisafishe kwa kijiti cha meno cha mbao, taratibu. Waya unaotikisika usiutumie kabisa kwa kazi hii. Kwenye laptopu, tumia tundu la USB 2.0 kama lipo, na usipitishe kwenye hab. Fastboot (zana ya kompyuta inayozungumza na butiloda) ina tabia ya kukwama kwenye baadhi ya matundu ya USB 3.

Faili za kawaida ndizo rahisi. Usiziburute kwa dirisha la Windows, kwa sababu njia ile (MTP) ikikwama kwenye faili moja inaweza kuacha mengine bila kusema wazi, na tarehe za picha nazo huvurugika. Vuta folda moja moja:

adb pull -a /sdcard/DCIM
adb pull -a /sdcard/Pictures
adb pull -a /sdcard/Download
adb pull -a /sdcard/Documents
adb pull -a /sdcard/Android/media

Usidanganywe na jina: /sdcard ni hifadhi ya ndani ya simu, si kadi. Ile -a inabakisha tarehe za faili. Kwa simu zenye USB 2.0, kasi mara nyingi ni MB 25 hadi 35 kwa sekunde, kwa hiyo GB 60 zinachukua dakika 30 hadi 40. Linganisha na kupandisha GB 60 hizo hizo mtandaoni kwa bando, utaona kwa nini waya unashinda. Ukimaliza, hesabu:

adb shell "find /sdcard/DCIM -type f | wc -l"

Namba itakayotoka ilingane na idadi ya faili kwenye folda ya kompyuta. Isipolingana, rudia. Kisha fungua picha tatu nne, na video moja ya zamani hadi mwisho. Ukihamishia kwenye flashi, kumbuka kwamba flashi ya FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Iumbize upya kwa exFAT.

Memori kadi ina mtego unaowanasa watu wazima na akili zao. Simu zenye hifadhi ndogo huwa zinakuuliza, kadi ikiingia mara ya kwanza, kama unataka itumike kama hifadhi ya ndani. Ukikubali, kadi inasimbwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya simu. Simu ikifutwa, ufunguo umekwenda, na kadi yenye picha za harusi nzima inageuka kipande cha plastiki. Kuichomoa "ili iwe salama" hakusaidii. Ingia Mipangilio, sehemu ya hifadhi, utazame kadi imeandikwa vipi. Kama ni ya ndani, nakili kila kitu kwenda kompyuta kwanza. Kama ni ya kubebeka, itoe tu uiweke pembeni.

WhatsApp ndiyo inayoleta kilio zaidi. Yenyewe hujiwekea nakala saa 8 usiku kila siku, lakini usiitegemee hiyo: ingia kwenye mipangilio ya soga, uweke nakala kwa mkono dakika chache kabla ya kuvuta faili. Nakala inakaa hapa:

/sdcard/Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases

Faili kuu linaitwa msgstore.db.crypt14 au crypt15, na pembeni yake yamo ya siku chache zilizopita yenye tarehe kwenye jina. Vuta folda nzima ya com.whatsapp, si Databases peke yake, la sivyo meseji zitarudi lakini picha na sauti zitakuwa vivuli vya kijivu. Kama unatumia zile WhatsApp za kienyeji zisizo rasmi, folda yake ina jina jengine, na hakuna ahadi kwamba WhatsApp rasmi itaisoma.

Angalia pia kama umewasha nakala iliyosimbwa mwisho kwa mwisho. Kama umewasha, utaulizwa nywila uliyoweka au ufunguo wa tarakimu 64. Hakuna ofisi ya kukufungulia. Ikiwa huna uhakika wa nywila, ibadilishe sasa au uzime usimbaji huo, kisha weka nakala upya. PIN ya hatua mbili ya tarakimu 6 ni kitu chengine tena, na hiyo nayo iandike.

Kuirudisha kuna utaratibu, na atakayeuruka atajuta. Kwenye romu mpya, sakinisha WhatsApp lakini usiifungue. Sukuma folda mahali pake:

adb push com.whatsapp /sdcard/Android/media/

Hakikisha haikujirudia mara mbili, com.whatsapp ndani ya com.whatsapp, hilo ndilo kosa la kila siku. Kisha fungua programu, thibitisha namba ile ile, ruhusu kusoma faili, na itakuuliza kama urejeshe. Ukigusa "ruka" kwa haraka, itaanza tupu na kuanza kuweka nakala mpya juu ya ile uliyosukuma. Nakala ya kompyuta bado ipo, kwa hiyo ondoa programu, futa folda, anza tena.

Majina ya watu yatoe kuwa faili la .vcf kutoka kwenye programu ya anwani. Faili hilo ni maandishi ya kawaida, na kila mtu ana mstari wa BEGIN:VCARD. Kwenye Windows:

find /c "BEGIN:VCARD" majina.vcf

Ikikupa 412 na simu inaonesha watu 412, umemaliza. Ikikupa pungufu sana, baadhi ya majina yako kwenye laini au kwenye akaunti nyengine ambayo hukuichagua. Kuhamishia majina kwenye laini ni desturi ya zamani isiyofaa tena: laini nyingi zinabeba majina 250 hivi, zinakata majina marefu na kuacha barua pepe.

Meseji zitoe kwa programu ya SMS Import / Export iliyopo F-Droid, duka la programu huria. Wakati wa kurejesha, itataka uifanye ndiyo programu kuu ya meseji kwa muda. Ikimaliza rudisha ile ya kawaida, la sivyo meseji mpya hazitaonekana unapozitarajia.

Programu za misimbo ya kuingilia kwenye akaunti hazisamehi. Kwa Aegis, toa faili lililosimbwa kwa nywila. Kwa Google Authenticator, toa msimbo wa QR uuskani kwa simu nyengine, si kwa kuupiga picha ukaiacha ndani ya simu ile ile unayokwenda kuifuta. Signal, programu ya soga, ina nakala yake ndani ya mipangilio na ufunguo mrefu inaouonesha. Uandike kwenye karatasi.

Zana za kiwandani, mfano Smart Switch ya Samsung, ziache. Nakala yake inarejea kwenye Samsung yenye mfumo wa Samsung, na wewe ndiko unakohama. Amri ya adb backup nayo imepitwa: tangu Android 12, programu nyingi mpya hazitoi data zao kwa njia hiyo, na faili linalotoka linaonekana zima huku ndani ni ganda.

Hayo yakishakamilika, fungua butiloda. Simu itafutika, na hapo, kabla ya kutia romu mpya, kuna nakala moja ambayo karibu kila mtu anaisahau: patisheni (vigawanyo vya hifadhi) zinazobeba IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na vipimo vya redio. Kwenye simu zenye chipu ya Qualcomm ni modemst1, modemst2, fsg na persist. Kwenye MediaTek ni nvram, nvdata, protect1 na protect2. Kwenye Samsung ni efs. Zikiharibika, simu inawaka vizuri tu lakini haioni mtandao, na *#06# inatoa sufuri au haitoi kitu. Piga *#06# kabla, uandike namba zote mbili kwenye karatasi.

Kama simu yako inakubali kuwasha rikavari bila kuisakinisha (fastboot boot twrp.img), ndani ya TWRP adb ina mamlaka yote:

adb shell dd if=/dev/block/by-name/modemst1 of=/tmp/modemst1.img
adb pull /tmp/modemst1.img

Rudia kwa kila moja. Kwenye baadhi ya simu njia ni /dev/block/bootdevice/by-name. Kwa LineageOS unaweza kufanya baadaye pia, kwa kuwasha utatuzi wenye ruti kwenye menyu ya wasanidi kisha adb root. Faili hizi ni za simu hiyo moja tu. Usimpe jirani mwenye modeli kama yako. Kubadilisha IMEI ni kosa la jinai Tanzania, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizizima simu bandia tangu Juni 2016 kwa kuangalia namba hizo hizo.

IMEI haipotei yenyewe. Kwa MediaTek, chanzo kikubwa ni SP Flash Tool, zana ya kompyuta ya kutia mfumo, ikiwekwa kwenye "Format All + Download" badala ya "Download Only". Ile ya kwanza inafagia hata nvram. Ukimpa fundi simu, muulize atatumia ipi kabla hajachomeka waya. Kwa Samsung, zana ya kutia mfumo ni Odin, nayo ina kisanduku cha "Nand Erase", kiache bila alama. Na ukirudi mfumo wa kiwandani kwa Odin, faili la CSC linafuta data zako, HOME_CSC linaziacha.

Ukishavuka hapo, safari ya pili, ya romu kwenda romu, ni nyepesi kwa sababu ya Seedvault, zana ya kuweka nakala iliyomo ndani ya LineageOS, CalyxOS, GrapheneOS na /e/OS. Inakupa maneno 12 ya kurejeshea. Bila maneno hayo nakala haifunguki, kwa hiyo yaandike kwa kalamu, na yasikae kwenye simu. Chagua flashi ya USB kwa adapta ya OTG (ya kuchomekea flashi kwenye simu), si hifadhi ya ndani. Wapo wanaoweka nakala ndani ya simu kisha wanaifuta simu. Folda yake inaitwa .SeedVaultAndroidBackup, na kwa kuwa inaanza na nukta, programu nyingi za faili zinaificha. Ukinakili flashi kwenda flashi nyengine bila kuonesha vilivyofichwa, unabeba flashi tupu.

Seedvault hurejesha kwenye toleo la Android lile lile au la juu zaidi. Kushuka haikubali, na si ukaidi: hifadhidata za toleo jipya toleo la zamani halizielewi. Mara nyingi watu huipita skrini ya kurejesha wakati wa kuanzisha simu, kisha wanadhani imekwisha. Fungua kipiga simu, andika *#*#7378673#*#*, skrini itarudi.

TWRP na nakala yake ya mfumo mzima, iliyokuwa mfalme enzi za romu ya zamani ya CyanogenMod, siipendekezi tena kwa data. Kwanza haikuwahi kubeba /sdcard, yaani picha, jambo ambalo wengi waligundua wakiwa wamechelewa. Pili, simu za leo husimba kila faili kwa funguo zilizofungwa kwenye chipu, na TWRP mara nyingi inashindwa kuzifungua. Ukiona folda zenye majina kama kichwa cha mlevi, herufi na namba zisizo na maana, jua haijafungua kitu. Nakala utakayotoa ni takataka. Ni hadithi ile ile kwa programu za nakala za Neo Backup au Swift Backup kwa wenye ruti: zinarudisha data za programu nyingi, lakini programu inayofungia siri zake kwenye chipu, kama Signal na za benki nyingi, itaanguka kila ukiifungua. Hizo zisakinishe upya tu, uingie kama mgeni.

Siku yenyewe ya kuflashi, simu iwe na chaji zaidi ya asilimia 50 na utumie laptopu yenye betri. Angalia na salio la umeme wa Tukuza. Umeme ukikatika wakati romu inaingizwa kwa adb sideload (kuituma kwa waya kutoka kompyuta hadi rikavari), kwa kawaida unarudi rikavari na kuanza upya. Ukikatika wakati butiloda au faili za kiwandani za modemu zinaandikwa, hiyo ndiyo simu inayokufa kweli. Shusha kabla romu, rikavari na mfumo wa kiwandani wa kurudia, vyote viwe kwenye kompyuta, na uvihakiki kwa kulinganisha alama ya SHA256 inayotoka na ile iliyoandikwa ulikovishusha:

certutil -hashfile romu.zip SHA256

Tofautisha kufuta na kuumbiza. Kwenye TWRP, kufuta kwa kawaida kunaacha picha na kunaacha usimbaji wa zamani. Romu mpya ikiukuta inazunguka kwenye nembo bila kuwaka. Kuumbiza data, kule inakotaka uandike "yes", kunaondoa vyote. Ukihama romu unahitaji kuumbiza. Rikavari ya LineageOS inakupeleka moja kwa moja huko.

Wakati wa sideload, kompyuta inaweza kusimama kwenye asilimia 47 ikaandika "failed to read command: Success". Usichomoe waya kwa hofu. Tazama kioo cha simu. Kikisema imekamilika, imekamilika. Kama unataka huduma za Google kwenye LineageOS, kifurushi chake kinaingia hapo hapo, kabla ya kuwasha simu mara ya kwanza. Ukiwasha kwanza, utaumbiza tena.

Simu ikiwaka, piga *#06# ulinganishe na karatasi. Kisha rudisha laini kutoka kwenye kitochi, halafu majina, meseji, misimbo ya akaunti, WhatsApp, na picha mwisho, kwa kuwa ndizo zinazochukua muda. Programu ya benki huenda ikagoma kwa sababu butiloda iko wazi. Jaribu huduma ya benki kwa namba za nyota kabla ya kuanza kutafuta ujanja. Na usiifunge tena butiloda ukiwa na romu isiyo ya kiwandani, isipokuwa romu kama GrapheneOS ambayo maelekezo yake yanakutaka uifunge. Simu nyengine zikifungwa hivyo haziwaki tena.

Folda ya kompyuta iache ilivyo wiki mbili au tatu. Kuna faili moja la PDF la skuli au sauti ya marehemu ambayo hutaikumbuka hadi siku utakapoitafuta, na Download ndiyo folda watu wanayosahau kuivuta.